Hatua Ishirini na Tisa Kutoka Mlangoni

Karani wetu wa ghala alikuwa na miguu mirefu kuliko kazi aliyopewa. Kijiji kilikuwa na ghala moja, daftari moja na ufunguo mmoja, na vyote vitatu alikabidhiwa yeye mwaka ule tulipotolewa kwenye matembe yetu ya zamani tukapangwa mstari mmoja kama meno, upande wa Mtinko. Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na darasa langu lilikuwa baraza ya ghala hilohilo. Kwa hiyo nilimtazama kila siku kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo sikumsikia akimwita mtu kwa jina.

Alituita kwa namba. Ukimwamkia shikamoo, anaitika, "Marahaba, Kumi na Nne," halafu anakupita. Mama yangu alikuwa Ishirini na Tisa. Alichukia mpaka basi. Alisema amezaa watoto saba, amezika mume na amehamishwa na lori la serikali, hakutegemea kuishia kuwa hesabu ya mtu.

Utaratibu wenyewe aliutoa kwenye stoo ya mizigo ya reli huko Itigi, alikofanya kazi kabla ya kuja kwetu. Ghala letu lilikuwa refu na jembamba. Alichora sakafuni miraba kwa chokaa, kila mraba upana wa hatua yake moja, akaandika namba ukutani, na kila mraba akauita stesheni. Miraba ilikwenda kwa ukuta wa kushoto mpaka mwisho, ikageuka, ikarudi kwa ukuta wa kulia hadi mlangoni. Kaya ilikuwa na namba, namba ilikuwa stesheni, na kwenye stesheni kulikuwa na gunia. Katika daftari hukuona jina la mtu wala la chakula. Uliona namba tu, ukurasa baada ya ukurasa.

Stesheni ya kwanza aliiita sifuri. Nilimwuliza kwa nini, nikidhani nimemkamata kosa, maana mimi darasani nilianza na moja.

"Mwalimu," alisema, "ukiwa umesimama mlangoni umepiga hatua ngapi?"

"Bado sijapiga."

"Basi uko sifuri. Moja utaifikia ukitembea."

Jambo hilo liliniudhi mwezi mzima.

Namba ya mtu, kwa Karani, ilikuwa idadi ya hatua kutoka mlangoni, na aliziheshimu hatua hizo kama mtu anavyoheshimu nadhiri. Stesheni ya sabini na tisa, ya mwisho kabisa, ilikuwa palepale mlangoni upande wa kulia. Ungeweza kunyoosha mkono ukashika gunia. Karani hakunyoosha mkono. Alizunguka ghala zima akihesabu kwa midomo, akaenda mpaka mwisho, akarudi, akafika alipoanzia na kusema, "Sabini na tisa, hii hapa." Mwenye gunia, mzee mmoja mkimya asiye na mbuzi hata mmoja, alikuwa akingoja amekaa juu yake.

Alikuwa na msemo mmoja alioupenda kuliko yote: "Kilichomo sikijui. Kilipo nakijua." Hakufungua gunia la mtu wala hakunusa. Alama aliikataa, ukifunga kitambaa chekundu kwenye gunia lako ulijue, alikifungua akakurudishia. Walimletea mtama, uwele, karanga, mbolea ya mbuzi iliyokaushwa, yote kwake ni gunia. Siku moja kaya ya ishirini na mbili ilileta gunia linalocheza.

"Karani, hilo gunia linatembea," nilimwambia.

"Likitembea litaniharibia namba," akasema. "Mwambieni litulie."

Alikuwa kuku. Baada ya wiki kukapatikana mayai matatu, na ugomvi ukazuka kama ni ya kaya, ya kijiji au ya kuku. Karani alifungua daftari, akapitisha kidole, akafunga. Mayai hayakuandikishwa, alisema, kwa hiyo hayapo. Mpika pombe, jirani yetu wa namba ishirini na nane, alisikia hivyo akayachukua yasiyokuwapo akayakaanga.

Huyo mpika pombe alikuwa na mavuno mengi na ulimi mrefu. Gunia lake la pili halikutosha kwenye stesheni yake, basi Karani aliliweka kwenye nafasi yoyote tupu, na juu ya la kwanza akaacha gunzi lenye namba iliyoandikwa kwa mkaa: nenda arobaini na moja. Huko arobaini na moja ukakuta gunzi jingine: nenda kumi na mbili. Mtama haukupotea hata punje, ila kuufuata ulichoka. "Mtama wangu umekaa kama ukoo wangu," alilalamika mwanamke yule. "Kila mmoja na kijiji chake, na ukifika kwa huyu anakwambia muulize yule."

Stesheni ya kumi na saba bati lake lilivuja mara moja, gunia likaota. Karani aliipiga mstari mwekundu daftarini na hakuweka kitu tena. Fundi akaziba bati, mvua zikapita mbili, pakawa pakavu kuliko kwingine kote. Nilimsihi aitumie. Akaniambia aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mbali na hayo, kumi na saba ni mgonjwa. Aliisema kwa huruma kabisa, huku akikanyaga pembeni yake.

Na kaya ikihama, alifuta namba yake basi. Kuna watu walirudi kwao Ikungi wakaacha gunia la karanga. Karani alifuta, akasema nafasi iko wazi. Sisi tuliliona gunia kwa macho yetu. "Ninyi mnaona gunia," alisema, "mimi naona nafasi." Akapanga gunia la mtu mwingine juu yake. Panya ndio waliokuwa na daftari tofauti.

Sasa mtu huyo, aliyeweza kwenda gizani kwenye kona ya ghala akarudi na gunia lako bila kugusa la mwenzio, vitu vyake mwenyewe hakuviweza. Baiskeli yake aliiacha sokoni Mtinko mara mbili, akarudi kwa miguu na kutangaza imeibiwa. Mara zote mbili tuliikuta imeegeshwa kwa adabu pale alipoiegesha. Msikitini siku ya Ijumaa alipanga makatambuga ya waumini kwa namba, yote ya tairi, yote meusi, yote yakifanana, na hakuna aliyewahi kutoka na ya mwenziwe. Ila yeye. Mkewe aliniambia siku moja tukichambua mlenda, "Mwalimu, mimi ningekuwa na raha kama ningekuwa gunia. Angejua niko wapi."

Nimeyasema haya nikicheka. Lakini mwaka mmoja Karani na mimi, na mwenyekiti katikati yetu, tulikaribia kumvunja mama yangu moyo.

Mama alikuwa na mbegu ya uwele. Aliuita uwele wa bibi, kwa sababu alipewa na bibi yangu, ambaye naye alipewa na mamaye. Ulikuwa na suke fupi nene na punje za rangi ya majivu, na mwaka wa ukame ndio uliobaki umesimama wakati uwele mwingine umelala. Tulipohamishwa, lori halikungoja. Aliacha vinu, akaacha vilindo viwili vya magome vilivyojaa mtama, akapanda na hiyo mbegu kifuani, kiasi cha debe moja. Wengine wa ukoo walipoteza yao. Ilikuwa imebaki hiyo tu.

Mwaka wa kwanza aliiweka chini ya kitanda na panya wakaonja. Nikamwambia aipeleke ghalani. Alikataa.

"Mbegu haikai kwa mtu asiyejua jina lake," alisema.

"Mama, Karani hajapoteza kitu hata kimoja."

"Hajapoteza kwa sababu hajui ana nini."

Nilimbembeleza wiki mbili. Nilimwambia mimi ni mwalimu, naijua kazi ya yule mtu, nitadhamini. Akanikabidhi hatimaye, na mimi kwa mikono yangu niliipeleka stesheni ya ishirini na tisa.

Tatizo lilianza kwa mwenyekiti. Siku Karani alipogawa namba, alisema atafuata foleni, na mwenyekiti, kwa sababu ya cheo, aliwasukuma watu akasimama mbele. Akawa sifuri. Alicheka siku ile. Miezi ilivyopita alianza kuona watu wakitabasamu akipita, na Karani hakusaidia, maana alimwamkia hadharani, "Habari za asubuhi, Sifuri." Mwenyekiti akaitisha mkutano wa kijiji.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumejitawala. Je, kiongozi wenu ni sifuri?"

Tukasema hapana. Ungesema nini? Ikapitishwa kwa kunyoosha mikono kwamba sifuri imefutwa, mwenyekiti ni moja, na kila kaya ipande namba moja. Mama akawa thelathini. Mpika pombe akachukua ishirini na tisa. Karani aliandika namba mpya daftarini na kwenye kadi ambazo watu walionyesha ili wapewe magunia, kwa sababu aliagizwa daftari na kadi. Ukutani hakugusa, na magunia hakuyasogeza. Nilimwuliza itakuwaje.

"Ukuta haukuhudhuria mkutano," akasema. "Mimi nitakuwa natoa moja."

Na alitoa. Mtu alileta kadi ya thelathini, Karani alitembea hatua ishirini na tisa, mambo yakaenda. Hatukujua kwamba kijiji kizima sasa kinategemea hesabu ndogo iliyo ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Mimi nilipaswa kujua. Darasani niliwafundisha wazee kusoma namba zao mpya, wakazikariri kwa kuimba, na nikajisifu.

Mvua za kupandia zilipokaribia, shemeji yake Karani akafariki Manyoni. Akaondoka na mkewe kwenda kuzika, akamwachia mwenyekiti ufunguo na daftari. Kesho yake mawingu yakajaa upande wa mashariki, na watu wakaja ghalani mbio kutaka mbegu. Mwenyekiti alifurahi sana. Alifungua mlango mwenyewe. Kadi ishirini na tisa, akaenda chini ya namba ishirini na tisa, akatoa gunia. Kadi thelathini, akaenda thelathini. Alifanya kazi safi. "Mnaona?" alisema. "Haihitaji miguu mirefu."

Mzee mkimya wa mwisho alikuwa na kadi ya themanini. Mwenyekiti alitafuta themanini ukutani hakuiona. Namba ziliishia sabini na tisa. Akafikiri, akapiga hatua moja zaidi kutoka hapo, na hatua hiyo ikamtoa nje ya mlango, ikamfikisha kwenye mti wa mgunga alipokuwa amefunga mbuzi wake mwenyewe. Mzee yule alimfuata nje. Alitazama kadi, akatazama mbuzi, akamfungua, akaenda naye. Ilikuwa ni utaratibu.

Mimi nilipokea gunia la mama na kulibeba nyumbani kichwani. Mbona limekuwa jepesi, nilijiuliza, nikajibu kwamba uwele hukauka. Asubuhi mama alilifungua. Ndani mlikuwa na mlenda mkavu.

Alikaa chini. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alichota mlenda kwa kiganja akaurudisha, akachota akaurudisha, kama anatafuta chini yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Kijiji kilichemka. Waliopata pungufu walipiga kelele, waliopata zaidi walifunga milango. Mwenyekiti, aliyejipatia gunia la mbolea ya mbuzi na kumpoteza mbuzi mwenyewe, aliapa kwamba alifuata daftari, na ni kweli alilifuata. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza uwele wa rangi ya majivu, mpaka jioni, nikarudi mikono mitupu. Mwalimu wa hesabu, na sikuiona hesabu yenyewe.

Karani alirudi siku ya pili yake mchana, wakati manyunyu yanaanza. Alimkuta mama amekaa kwenye kizingiti cha ghala, palepale pa sifuri.

"Kuna nini, Ishirini na Tisa?"

"Mbegu yangu, baba. Umeipeleka wapi?"

Mwenyekiti akaeleza, mimi nikaeleza, watu thelathini wakaeleza kwa pamoja. Karani alisikiliza ameinamisha kichwa. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida:

"Hakutoa moja."

Akageuka, akakimbia. Sijawahi kuona miguu ile ikikimbia, na sijui mwingine aliyewahi. Alivuka uwanja wa shule kwa hatua ambazo safari hii hakuzihesabu, akaingia kwa mpika pombe bila hodi. Tulipofika tukihema, alikuwa amesimama juu ya mtungi. Mpika pombe alikuwa ameloweka uwele tangu juzi kutengeneza kimea. Punje zote zilikuwa zimetoa vimizizi vyeupe.

"Mimi niliweka mtama," mpika pombe akajitetea. "Nikakuta uwele. Nikasema labda serikali imenibadilishia."

Hakuna aliyecheka. Mama aliingiza mkono mtungini, akatoa punje chache, akazitazama. Nilimwambia, "Mama, nisamehe." Hakunisikia. Alikuwa akitazama nje mlangoni, ambako manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua.

"Ikishaota haingoji," alisema. "Leo au basi."

Karani aliuinua ule mtungi akaujitwika, na sote tukamfuata shambani. Kijiji kilipanda uwele wa mama mchana ule kwenye mvua: mpika pombe kwa sababu ya aibu, mwenyekiti kwa sababu ya cheo, mimi kwa sababu zangu. Mzee mkimya alikuja na mbuzi. Karani alitangulia akichimba mashimo, kila shimo hatua yake moja kutoka kwa jingine, na nilimsikia akinong'ona sifuri, moja, mbili.

"Acha kuhesabu, upande," mama akamwambia.

"Nisipohesabu nitajuaje ulipo?"

"Utaota. Utauona."

Hakuamini, akaendelea kunong'ona. Shamba likawa na nafasi kubwa kama uwanja wa mpira, watu wakacheka mpaka palizi. Nusu haikuota. Iliyoota, kwa sababu ya nafasi ile, ilitoa masuke mazito tuliyoyafunga miti ya kuegemea. Mama alipata mbegu yake na ziada. Tangu siku hiyo alimwita Karani Toa Moja, na yeye akaendelea kumwita Ishirini na Tisa, na wakaheshimiana. Mwenyekiti alijirudisha sifuri mwenyewe kwenye mkutano uliofuata, akieleza kwamba sifuri ndiye anayefungua mlango. Mbuzi hakurudishwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu, niliambiwa Karani anaishi na mkewe Utemini, mjini Singida. Nilikwenda na kifuko cha uwele, kilo mbili hivi. Nilimkuta kwenye kiti uani, miguu imenyooshwa mpaka karibu na jiko la jirani. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Mkewe alinipa kigoda akaniambia nisishangae chokaa, kwa maana sakafu ya chumba chao ilikuwa na miraba.

"Anajua sukari iko wapi," alisema. "Miwani ndiyo tunatafuta tangu Jumatatu."

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Wewe ni Mwalimu. Ishirini na Tisa hajambo?"

"Alishafariki, Karani. Mwaka wa tatu sasa."

Alivua kofia akaiweka gotini. Mkewe akapuliza moto usiohitaji kupulizwa. Halafu nikamwekea kifuko mapajani, nikasema nimemletea. Nilijua atakachofanya. Aliagiza daftari, akapapasa kalamu, akaniomba nikiweke hatua ya nne kutoka kitandani, ukutani, aandike.

Nilikuwa nimeshakichukua aliposema, "Hebu ngoja."

Alinyoosha mkono nikamrudishia. Alihangaika na fundo kwa vidole vile vinene, mkewe akataka kumsaidia, akamkatalia. Kikafunguka. Alitumbukiza mkono mpaka kwenye kifundo cha mkono, akaukalisha humo. Alichota punje, akazisogeza karibu na jicho lililo bora, akazitia mdomoni, akatafuna polepole, huku mimi na mkewe tukimtazama kama watu wanaomwona mtu akivua nguo.

"Unaitwaje huu?" akauliza.

"Uwele wa bibi."

Akafungua daftari mahali penye namba tupu kutoka juu hadi chini. Akaandika jina hilo kwa herufi kubwa zilizopanda mlima, akinitaka nimtajie moja moja, na alipomaliza alisahau kuweka namba.